Chakula cha Wagiriki: Siha Iliyotoka Katika Chungu cha Maskini

Kinapotajwa chakula cha Kigiriki, wengi wetu huiwazia mikahawa ya watalii: sahani pana ya nyama ya kuchoma, mapande ya jibini nyeupe, na chupa ya mafuta ya zeituni ambayo bei yake peke yake yatosha kumrudisha mtu mlangoni. Na hata hivyo, madaktari wetu hawaachi kuwausia wazee wenye presha, kisukari na maradhi ya moyo wale kama walavyo watu wa Bahari ya Mediterania. Mama aliyempeleka mumewe kliniki hurudi nyumbani na wasia huo, akasimama mbele ya jiko lake akijiuliza: fedha za chakula hicho zitatoka wapi?

Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu katika makala haya. Jibu lenyewe huenda likawashangaza wasomaji wetu. Chakula kilichosifiwa na mabingwa wa tiba hakikuwa cha matajiri wa Athens, wala hakikutoka mikahawani. Kilikuwa chakula cha wakulima mafukara wa kisiwa cha Krete, na sehemu kubwa ya vilivyomo ndani yake tunavyo sisi wenyewe sokoni, na vingine vyaota nyuma ya nyumba zetu bila ya kupandwa.

Uchunguzi uliofanywa Krete

Mwaka 1948, baada ya Vita Vikuu vya Pili kuiacha Ugiriki katika dhiki, serikali ya nchi hiyo iliualika Wakfu wa Rockefeller wa Marekani uchunguze hali ya maisha ya watu wa Krete. Uchunguzi huo uliongozwa na Leland Allbaugh, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Ilionekana kwamba watu wa kisiwa hicho waliishi kwa mkate, mafuta ya zeituni, mboga za majani, maharagwe na dengu, viazi na matunda. Nyama, samaki, maziwa na mayai vilikuwepo, lakini kwa uchache. Walipoulizwa ni chakula gani walichokitamani zaidi, wengi wao walitaja nyama. Hawakujua kwamba chakula walichokiona duni kingekuja kusomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Miaka kumi baadaye, mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Ancel Keys alianzisha uchunguzi mkubwa katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Maelfu ya wanaume wa umri wa miaka 40 hadi 59 walipimwa, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Wanaume wa Krete wakawa miongoni mwa waliokufa kwa uchache kabisa kutokana na maradhi ya moyo. Wale wa mashariki ya Finland wakawa katika hali mbaya kuliko wote.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba makundi yote mawili yalikula mafuta mengi. Huko Krete, takriban asilimia 40 ya nguvu ya chakula ilitokana na mafuta. Tofauti ilikuwa katika aina yake. Watu wa Finland walikula siagi na maziwa yenye shahamu. Watu wa Krete walikula mafuta ya zeituni. Mwaka 2003, mtaalamu wa Kigiriki, Bi Antonia Trichopoulou, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 22,000 nchini mwao, nao ukaonyesha kwamba waliokifuata kwa ukaribu zaidi chakula cha asili cha nchi hiyo walikuwa na vifo vichache kuliko wenzao. Na mwaka 2010 shirika la UNESCO likakiingiza chakula cha Mediterania katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa maombi ya Ugiriki, Italia, Hispania na Morocco.

Ni wajibu wetu kuongeza kwamba mkulima wa Krete hakuwa mtu wa kukaa. Alipanda na kushuka milima kwa miguu, alilima kwa mikono, wala hakuwa na televisheni ya kumkesheza. Asije mtu akadhani kwamba kijiko cha mafuta ya zeituni kitamfaa kitu hali ya kuwa mchana kutwa hainuki kitini.

Kilichomo chunguni

Chakula cha kila siku cha Mgiriki wa zamani kilikuwa chepesi kukipika. Cha kwanza ni fasolada, mchuzi wa maharagwe meupe yaliyopikwa pamoja na vitunguu, karoti, seleri na nyanya. Wagiriki wengi hukihesabu ndicho chakula chao cha taifa, ingawa wageni hukiagiza kwa nadra. Karibu nacho ni mchuzi wa adesi uitwao fakes, ambao hupikwa kwa kitunguu saumu na majani ya mbei, kisha hutiwa siki kidogo unapokuwa mezani. Katika kisiwa cha Sifnos, dengu hutiwa katika chungu cha udongo jioni ya Jumamosi, kikaachwa ndani ya tanuri usiku kucha, na hupakuliwa Jumapili mchana zikiwa laini kama siagi.

Pia kuna vyakula viitwavyo ladera, jina litokanalo na neno lao la mafuta. Hivi ni mboga kama bamia, biringani, maharagwe mabichi na viazi, zinazopikwa polepole kwa nyanya, vitunguu na mafuta ya zeituni hata zikakolea. Hapa mboga si kitu cha kuwekwa pembeni mwa nyama. Mboga ndiyo chakula chenyewe, na mtu huila kwa mkate akashiba.

Faida ya vyakula hivi kwa mwili inaeleweka vyema. Maharagwe, adesi na dengu zina protini ya kujenga mwili na nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi hizo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na kwa hivyo mwenye kisukari hunufaika anapopunguza sahani ya wali mweupe na kuongeza bakuli la maharagwe. Isitoshe, hushibisha kwa muda mrefu, na mtoto aliyeyala hatakuja kuomba chipsi baada ya saa moja.

Majani tunayoyajua

Sehemu ya chakula cha Kigiriki inayotugusa sisi zaidi ni ile iitwayo horta, yaani mboga za majani za porini. Tangu zama na zama wanawake wa vijijini wamekuwa wakitoka na visu na vikapu mvua inaponyesha, wakachuma majani milimani na kandokando ya mashamba. Majani hayo huchemshwa, hukamuliwa limau na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Basi, hayana mapishi zaidi ya hayo.

Na majani yenyewe ni yepi? Moja huitwa vlita, nalo si jingine ila ni la jamii ya mchicha wetu. Jingine, ambalo watu wa Krete huliita stifnos, ni la jamii ya mnavu. Kuna na majani machungu yanayopendwa mno, yanayomkumbusha mtu wa pwani mchunga. Kunde nazo wanazo: huzichemsha, wakazichanganya na kitunguu na majani mabichi, wakazila kama saladi. Bamia ni zile zile.

Hebu tutafakari kidogo. Mboga ambazo huko zimeandikiwa vitabu, na ambazo watalii hulipia fedha nyingi kuzionja, ndizo ambazo hapa kijana huona haya kuziona mbele ya mgeni. Tumefika mahali ambapo mama akiwapikia wanawe mnavu huambiwa kwamba nyumba imepungukiwa, na akiwanunulia viazi vya kukaanga na soda huambiwa amewaenzi.

Tena katika namna ya kuzipika mna hekima. Mafuta yanayotiwa juu ya majani husaidia mwili kufyonza vitamini zilizomo. Limau nalo lina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yatokanayo na mimea. Jambo hili ni muhimu kwa wanawake wenye upungufu wa damu, hususan waja wazito na wanyonyeshao. Kinyume chake, chai ya rangi inayonywewa papo hapo baada ya kula huzuia chuma hicho kisifyonzwe vizuri. Ni bora birika lingoje saa moja au mbili.

Mti uliobarikiwa

Kwa Muislamu, mzeituni hauhitaji kutambulishwa. Mwenyezi Mungu ameutaja kuwa ni mti uliobarikiwa katika Suratun Nur, na katika Suratut Tin ameapa kwa tini na zeituni. Wagiriki nao wameishi na mti huu kwa maelfu ya miaka, na hadi leo wao ni miongoni mwa watu wanaotumia mafuta yake kwa wingi zaidi duniani kwa kila kichwa. Kisiwa cha Krete chenyewe kiliwahi kutawaliwa na Waislamu waliotoka Andalusia tangu miaka ya 820 hadi mwaka 961. Hao ndio walioujenga mji wa al-Khandaq, unaoitwa leo Heraklion, mji mkuu wa kisiwa hicho.

Kwa upande wa siha, mafuta ya zeituni yana sehemu kubwa ya aina ya mafuta isiyoganda, na yanapochukua nafasi ya siagi, samli au mafuta magumu ya kukaangia, husaidia kuteremsha lehemu mbaya katika damu. Yale yanayokamuliwa bila ya moto wala dawa huwa na viini vingine pia vya kuukinga mwili, na hayo ndiyo yanayofaa kumwagiwa juu ya saladi na mboga. Lakini mafuta ni mafuta: kijiko kimoja cha mezani kina kalori zipatazo 120. Anayeyaongeza juu ya samli na tui zito, bila ya kupunguza kitu, atanenepa tu.

Na kwa kuwa bei yake ni kubwa, hatuwaambii wasomaji wetu wakaangie mafuta ya zeituni. Huo ungekuwa ni israfu. Chupa ndogo inayotumiwa kijiko kimoja kimoja, baada ya chakula kuiva, hudumu muda mrefu. Na asiyeipata asikate tamaa: maharagwe, majani, samaki na matunda vingali na faida yake ijapokuwa mafuta yaliyotumika ni mengine ya mimea, ya kiasi.

Bahari na siku za kufunga

Wagiriki ni watu wa bahari kama sisi. Katika visiwa vyao utawaona pweza wametundikwa juani mbele ya majumba, wakingoja kuchomwa juu ya makaa. Ngisi hupikwa kwa nyanya au kwa spinachi, na samaki wadogo wa jamii ya dagaa huliwa wazima wazima. Samaki hao wadogo wenye mafuta ni hazina kwa moyo, na miiba yao laini ina chokaa kwa mifupa.

Wapo wanaouliza imekuwaje watu hawa wawe na mapishi mengi namna hii yasiyo na nyama. Sababu mojawapo ni ufukara. Ya pili ni dini yao. Wakristo wa Kiorthodoksi wana siku nyingi za kufunga, zinazokaribia nusu ya mwaka kwa mwenye kuzitimiza zote, na katika siku hizo huacha nyama, maziwa na mayai, na mara nyingi samaki pia. Pweza na ngisi huruhusiwa. Basi vizazi na vizazi vya wanawake vililazimika kubuni namna ya kuzifanya maharagwe na mboga ziwe na ladha. Saumu yao si kama saumu yetu, lakini tunapoitazama meza ya futari iliyojaa sambusa, bajia, viazi karai na vinywaji vya sukari, yafaa tujiulize: huo mwezi wa kuliacha tumbo lipumzike, mbona ndio tunaouhesabu kuwa mwezi wa kukaanga?

Majina yenye udugu

Miaka mamia kadhaa Ugiriki ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na mapishi yakapita kutoka jiko hadi jiko bila ya kuulizwa pasi. Wagiriki wana pilafi, nasi tuna pilau. Wana halvas, nasi tuna halua. Wana loukoumades, maandazi madogo ya mviringo yanayokaangwa na kumwagiwa asali. Neno hilo lilitokana na Kiarabu luqma, yaani tonge, na vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 13 vimevitaja vitamutamu hivyo kwa jina la matonge ya kadhi. Mpwani yeyote akivionja atasema papo hapo: hizi ni kaimati.

Kuna pia biringani zilizojazwa vitunguu na nyanya na kuokwa kwa mafuta mengi, ziitwazo kwa Kituruki imam bayildi, yaani imamu alizimia. Wagiriki huziita imam tu. Wasimuliaji wamehitilafiana: wengine husema imamu alizimia kwa utamu, na wengine husema alizimia alipoambiwa kiasi cha mafuta alichotumia mkewe.

Tusisahau kwamba hadi leo katika eneo la Thrace, kaskazini mashariki ya Ugiriki, katika miji kama Komotini na Xanthi, wapo Waislamu wenyeji ambao hawakuhamishwa wakati wa mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1923. Kwao wao chakula hiki na halali havijawahi kugombana.

Ya kujihadhari

Hata hivyo, msafiri na mwenye kununua vyakula vilivyotengenezwa tayari wana la kuangalia. Nchini Ugiriki, nyama za vijiti ziitwazo souvlaki na zile za kukatwa kutoka mlingoti wa moto, gyros, mara nyingi huwa ni za nguruwe. Mvinyo hutiwa katika baadhi ya michuzi ya nyama na ya pweza. Jibini ya feta, inayotokana na maziwa ya kondoo, au ya kondoo na mbuzi, hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho aghalabu hutoka katika tumbo la mnyama. Basi isomwe karatasi iliyobandikwa, na panapokuwa na shaka waulizwe wanazuoni.

Kwa mwenye presha, feta na zeituni za chupa zina chumvi nyingi. Zeituni zioshwe kwa maji kabla ya kuliwa, na jibini iwe kipande tu cha kutia ladha. Na mgonjwa wa kisukari, moyo au figo asiache dawa yake kwa kuwa amesoma makala. Amwonyeshe daktari wake anachokusudia kubadilisha.

Msiba wa Wagiriki wenyewe

Lililotusukuma kuandika ni hili. Wagiriki wa leo wamekiacha kwa kiasi kikubwa chakula kilichowapa sifa. Baada ya hali ya maisha kuwa nzuri, nyama waliyoitamani wazee wao ikawa ya kila siku, vyakula vya haraka vikaingia mijini, na watoto wakakaa mbele ya vioo. Sasa watoto wa Ugiriki wamo miongoni mwa watoto wanene kuliko wote katika Ulaya. Wajukuu wa wale wakulima waliowashangaza madaktari, leo ndio wanaopelekwa kwa madaktari.

Hilo ni onyo kwetu. Turathi ya jikoni haipotei kwa moto wala kwa vita. Hupotea kwa kizazi kimoja kuona haya na chakula cha bibi yao. Na sisi pwani tumo katika njia hiyo hiyo. Hakuna aila isiyokuwa na mgonjwa wa sukari au wa presha, na umri wa wanaougua unazidi kuteremka.

Tuanzie wapi

Tunapendekeza jaribio dogo: siku mbili katika wiki, chungu cha nyumbani kiwe cha mboga na maharagwe. Kwa fasolada ya watu sita, roweka vikombe viwili vya maharagwe meupe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia mapya, na uyachemshe hadi yakaribie kuiva. Ndipo utie vitunguu viwili, karoti mbili na shina la seleri, vyote vimekatwa vidogo vidogo, pamoja na nyanya nne zilizosagwa, pilipili manga na vijiko vitatu au vinne vya mafuta. Usikaange chochote. Wacha ichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito, na utie chumvi mwishoni. Nyanya zisitangulie, kwani ukali wake huzuia maganda ya maharagwe kulainika. Pakua, kamulia ndimu.

Ubavuni weka mchicha au mnavu uliochemshwa kidogo, wenye ndimu na mafuta. Ukipenda, chuja maziwa mgando kwa kitambaa safi kwa saa kadhaa hata yawe mazito, uchanganye na tango lililoparwa na kukamuliwa maji, thomu iliyopondwa na chumvi kiduchu: hiyo ndiyo tzatziki, nayo hukaa mahali pa achari na mayonezi. Badala ya kitamutamu, toa tunda. Wagiriki wa zamani waliziweka keki za asali kwa sikukuu, na kila siku wakamalizia kwa tini, zabibu au chungwa. Sisi tuna maembe, mapapai, mapera na machungwa.

Na watoto washirikishwe. Mtoto aliyechambua mchicha kwa mkono wake huwa tayari zaidi kuula, na binti au mvulana aliyefunzwa na bibi yake kuutambua mnavu na mchunga amerithi kitu ambacho duka haliuzi. Mwenyezi Mungu atujaalie siha, atubarikie riziki tuliyo nayo, na atupe macho ya kuiona thamani yake kabla ya wageni kuja kutuonyesha.